Buu la Kumi

Nyuma ya makumbusho, ukishapita jenereta na kabla hujafika choo cha wafanyakazi, palikuwa na chumba chenye mlango wa bati ambacho watu walikipita wameziba pua. Humo ndimo Bwana Mifupa alimofanyia kazi miaka ishirini na miwili, na kazi yake ilikuwa kufuga wadudu. Wageni wakiambiwa hivyo walicheka. Yeye aliwaacha wacheke mpaka washibe, kisha akawafunulia tangi: wadudu weusi, wadogo kama punje za mtama, pamoja na mabuu yao yenye manyoya, maelfu kwa maelfu, wakila nyama iliyokaukia kwenye fuvu la popo.

Ukimchemsha popo, vifupa vyake vinaachana na nusu vinapotelea kwenye sufuria. Wadudu wale walikula nyama wakakuachia mfupa mzima, hata kale ka sikioni kasikozidi unene wa uzi. Makumbusho ya mbali yaliyoazima mafuvu yale yaliyarudisha na barua za sifa, na Bwana Mifupa alizibandika zote ukutani, ingawa nyingine hakuielewa hata lugha yake.

Chumba kilikuwa na sharti moja, na halikuwa na mkubwa wala mdogo. Ukiingia humo, siku hiyo hupandi ghorofani kwenye vielelezo. Mdudu anayetafuna nyama kavu ya popo hatamwonea haya ndege aliyekaushwa miaka tisini iliyopita. Kwake chakula ni chakula. Bwana Mifupa mwenyewe alipanda ghorofani siku za likizo tu, akiwa ameoga na kuvaa kama anayekwenda harusini.

Alikuwa na sababu ya kupanda. Huko juu alifanya kazi binti yake wa pekee, ambaye mbele za watu hakumwita mwanangu bali Daktari, na neno hilo alilitamka polepole lisije likaisha upesi. Daktari alikuwa akipima midomo ya chozi, vile vindege vinavyonyonya maua, zaidi ya elfu moja waliokusanywa katika miaka tisini. Alikuwa amegundua kwamba midomo inazidi kufupika, kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi. Baba yake aliwasimulia habari hiyo walinzi, muuza magazeti na kinyozi wake, na kila mmoja aliisikia zaidi ya mara moja.

Basi Jumatatu moja, mfanyakazi aliyekuwa akifuta vumbi alivuta droo ya chozi akakuta mabuu. Ndege kumi na mmoja walikuwa wamenyonyoka vifua. Habari ilishuka ngazi upesi kuliko mtu anavyoweza kukimbia, na ilipofika chini ilikuwa imeshapata mwenyewe, kwani nani mwingine pale alifuga wadudu? Mkuu wa makumbusho, mama asiye na subira na hadithi ndefu, akatoa amri: ikifika Ijumaa matangi yote yatiwe kwenye friza, wadudu wafe, na chumba kifungwe.

Bwana Mifupa hakubishana. Aliomba jambo moja tu, mabuu yale yachunguzwe kwanza. Tatizo ni kwamba mtaalamu wa wadudu alikuwa safarini, na aliyebaki anayejua kuwatofautisha kwa hadubini alikuwa Daktari. Mkuu akauliza ni wapi mtoto amewahi kumhukumu baba yake kwa haki.

"Huyu, Mkuu, alipokuwa na miaka saba tulicheza shule nyumbani," alisema Bwana Mifupa. "Akanipa sifuri, na akakataa kuirekebisha mpaka leo."

Mkuu alijizuia kucheka, akakubali.

Wakakutana watatu kwenye maabara ya chini. Mabuu kumi yalikuwa kwenye kisahani. Daktari aliinama juu ya hadubini, akalichunguza moja, akaandika, akashika jingine. Tisa ya kwanza yalikuwa na vishungi vya nywele za dhahabu mkiani, na alieleza kwa sauti ya kikazi kwamba hao ni wadudu wa mazulia, wala si wale wa kwenye matangi. Bila shaka walitoka kwenye lile zulia kuukuu la pale mlangoni, aliposimamishwa swala aliyekaushwa, zawadi ya wafadhili. Bwana Mifupa akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu Jumatatu.

La kumi lilichukua muda. Daktari aligeuza sindano, akaligeuza buu, akaligeuza tena. Baba yake alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, na hakuhitaji hadubini. Mwendo wa lile buu aliujua kama anavyojua mwendo wa mkewe koridoni: lilikuwa lake. Nyuma lingekuwa na vijipembe viwili vilivyopinda. Katika jengo zima ni wao wawili tu waliojua hivyo, na kama Daktari angesema wa mazulia ni kumi badala ya tisa, matangi yangepona na hakuna ambaye angeuliza. Bwana Mifupa aliwapenda wadudu wake, wamemlishia mtoto na kumsomeshea. Lakini akajikuta hawawazii tena. Alikuwa akiitazama shingo ya binti yake iliyoinama, akisubiri asikie atasema ngapi.

"Huyu ni wa baba," alisema Daktari. Akainua uso. "Na nimemleta mimi."

Akaeleza bila kuficha. Alhamisi ya wiki iliyopita alimpelekea baba yake miwani aliyoisahau nyumbani, akasimama kwenye tangi wakipiga soga, akaitwa juu kwa haraka akapanda na sweta ileile. "Sharti nalijua tangu mtoto. Nilijiambia ni dakika mbili tu."

Mkuu akasema tisa ndiyo yaliyoharibu, hivyo matangi yabaki. Kuhusu hili moja, akaongeza akimtazama mzee kwa huruma, lingeweza kuishia humu humu ndani.

"Hapana, Mkuu," alisema Bwana Mifupa. "Kila kinachotoka kwenye droo kinaandikwa kilikotoka. Hata huyu ana kwao."

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. Alilitia buu kwenye kichupa cha spiriti na kukata lebo ndogo, akaijaza kwa penseli: namba ya droo, tarehe, ameletwa na nani. Mkuu akampa adhabu ya mwezi mzima bila kukanyaga chumba cha ndege. Alijibu, "Sawa, Mkuu," akamkabidhi baba yake kichupa.

Bwana Mifupa alivaa miwani akasoma. Mafuvu maelfu yalikuwa yamepita mikononi mwake, na kwenye lebo zake waliandikwa waliowinda na waliotambua. Aliyesafisha hakuandikwa hata mara moja. Hapa binti yake alikuwa ameandika kosa lake kwa jina lake kamili, lake kwanza na la baba yake likifuata.

Jioni mkewe alimuuliza kwa nini anacheka peke yake na mtoto kapewa adhabu.

"Nimeandikwa makumbusho, mama," alisema. "Ameniandika yeye."