Sifuri za Saboti

Binti aliyeitwa Wangu alikuwa akifanya kazi Bungoma mjini, katika mradi uliowatumia wakulima ujumbe wa simu kuwaambia wakati wa kupanda. Baba yake, Kiragu, alikuwa mmoja wa wale waliojitolea kuupimia mradi mvua. Kila asubuhi, shambani kwake Saboti, alisoma kipimo nyuma ya zizi akatuma tarakimu kwa simu. Wangu ndiye aliyemwingiza, na mzee alijivunia kazi hiyo. Hata kanisani aliwaambia watu mvua ya jana ilikuwa milimita ngapi kabla hawajamuuliza.

Machi, mradi ukafunga mashine za kupima mvua. Mkuu wao, Daktari Wakoli, akamwita Wangu.

"Ongeza safu moja kwenye majedwali, uiite hali. Kipimo cha mashine kipate moja, cha mkono kipate sifuri. Programu ya kutoa ujumbe itasoma vile vya moja pekee."

"Daktari, hawa wa mkono wametupimia miaka."

"Sijasema ni waongo. Wafadhili wanataka mashine. Na si ni amri ya mstari mmoja tu, bana?"

Ilikuwa kweli. Majedwali yalikuwa mafaili ya maandishi matupu: tarehe, kituo, chombo, milimita, koma katikati. Wangu alifungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, akaandika awk, amri ya kupitia faili mstari kwa mstari, kisha sharti lake na jina la faili jipya, akabonyeza. Papo hapo kila mstari ukaota koma na tarakimu mwishoni. Mistari ya baba yake yote ilipata sifuri. Aliitazama kwa muda. Akakumbuka kwamba mkataba wake ulikuwa karibu kuisha, akatuma faili kwa Wakoli. Nyumbani hakusema kitu.

Ambacho hakuna aliyejua ni kwamba nyigu walikuwa wamejenga ndani ya mdomo wa mashine ya Saboti, wakauziba. Mvua ilinyesha, mashine ikaandika kwamba hakuna, na kwa kuwa ilikuwa na moja, ikaaminiwa. Aprili ujumbe ukatoka: wakulima wa Saboti wangoje, mvua haijatosha.

Majirani waliucheka, wakapanda. Kiragu alikuwa ameipima mvua ile mwenyewe, lakini alingoja.

"Mtoto wangu yuko huko ndani," aliwaambia. "Wanaona mbali kuliko mimi."

Juni Wangu alikwenda nyumbani. Mahindi ya jirani yalikuwa yamempita mtu kimo. Ya baba yake yalimfika magotini, tena ya manjano. Alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango.

"Mami," alisema Kiragu, kwani alikuwa amempa binti huyo jina la mama yake mzazi, "nilikuwa natuma mvua kila siku. Haikufika?"

"Ilifika, Baba."

"Sasa mbona mlisema ningoje?"

Wangu alifungua kompyuta, akamwonyesha mistari yake. Mzee aliisoma taratibu, kidole kikishuka kando ya ile safu ya mwisho.

"Hii sifuri ni ya nini?"

"Ni ya kusema isisomwe."

"Nani aliiweka?"

"Mimi."

Kiragu aliinuka. Kisha akasema ng'ombe hajapewa maji, akaondoka.

Wangu aliporudi Bungoma alimweleza Wakoli yote: mvua ilinyesha, mashine haikuiona. Wakoli alisikitika kweli, akashika kichwa. Halafu akasema, "Ongeza safu nyingine, uandike kosa la mashine. Na umwombe mzee aendelee kutuma, maana siku hizi amenyamaza."

Wangu aliongeza safu. Kisha akampigia baba yake simu.

"Kwani mna shida ya mvua?" Kiragu aliuliza. "Si mko na mashine."

"Baba, ninakuomba."

"Umekula lakini?"

"Nimekula."

"Basi ni sawa," alisema, akakata simu bila kulijibu lile ombi.