Ya Tayari au ya Kuunganisha

Mkwe wangu ni daktari wa meno, mimi nimestaafu ufundi wa mafriji. Siku ukitukuta tumekubaliana jambo, piga simu zimamoto. Ndiyo maana mjukuu wangu alipotaka kompyuta ya kuchezea gemu, nyumba nzima iliumwa kichwa.

Kilichomkosesha binti huyo usingizi kilikuwa kimoja tu. Timu moja ya gemu ilibakiza nafasi ya mchezaji mmoja, na nahodha wao, dada tuliyemjua kwa sauti tu, alikuwa amempa majaribio Jumamosi mchana, kila mtu akichezea kwake. Laptop yake kuukuu ilikuwa nzito kiasi kwamba adui aliweza kumpiga risasi, akaenda kula, akarudi kumpiga tena, naye bado hajageuka. Bila mashine mpya, nafasi ilikuwa inamponyoka hivi hivi anaiona.

"Tununue ya tayari," alisema mkwe. "Unachomeka, unawasha, unacheza. Ikiharibika ina waranti."

"Tuunganishe wenyewe," nikasema. "Kununua iliyounganishwa ni sawa na kumlipa mtu akakuogee."

"Baba, hujawahi kuunganisha kompyuta hata siku moja."

"Na wewe hukuzaliwa umeshika koleo la meno."

Mjukuu alikaa katikati yetu na simu yake. Video hii inamwambia nunua, ile inamwambia unganisha. Akimwelekea baba yake, mimi nakohoa. Akinielekea mimi, baba yake anahema kama mtu anayepanda ngazi na gunia mgongoni.

"Babu, tafadhali, usianze ile ya bucha."

Nikaanza ile ya bucha. Niliwahi kutengeneza friji la bucha likawa na baridi kali hadi kivuli cha mwenye bucha kikaganda ukutani. Jamaa akarudi nyumbani bila kivuli, mkewe akakataa kumfungulia. "Mikono iliyofanya hivyo itashindwa na kisanduku?"

"Hicho kivuli kilikuwa na waranti?" mkwe akauliza.

Tukaenda dukani kuitazama hiyo ya tayari. Muuzaji alitupokea kama ndugu waliopotea.

"Kadi ya picha ni ipi?" mjukuu akauliza.

"Ina taa, dada yangu. Rangi zote."

"Na memori je?"

"Zinabadilika zenyewe. Ukitaka bluu, bluu."

"Memori zinabadilika?"

"Taa."

Mkwe wangu, mtu mzima aliyesoma miaka mingi, alikuwa ameduwaa mbele ya zile taa kama nondo. Ilibidi binti amvute mkono. "Baba, hajui kilichomo ndani. Twende, tuunganishe."

Nilitamba hadi nyumbani. Sikutamba kwa muda mrefu, maana vipuri navyo vina tabia zao. Prosesa hii haipatani na ubao ule wa kuchomekea vipuri. Kadi ile haienei kwenye kasha hili. Kasha likienea, feni inagoma. Nimesuluhisha ndoa zilizokuwa na maneno machache kuliko hayo. Mpaka vinapatikana vyote, mke wangu alikuwa ametangaza kwamba atakayetamka neno "ubao" mezani atakula jikoni peke yake.

Ijumaa tukaunganisha. Nasema tukaunganisha, lakini kusema kweli binti aliunganisha na sisi tulibishana. Baba yake alivaa taa yake ya kichwani ya kazini, akachomeka viwaya vyembamba kwa kibano cha kliniki, na mara mbili nilimsikia akiliambia kasha, "Fungua zaidi kidogo." Mimi nilishika bisibisi na cheo cha usimamizi. Ilipowaka, binti aliruka hadi nikahofia dari.

Jumamosi asubuhi akaingia kuoga, akatuacha sebuleni na mashine. Nikaizunguka. Moyo ukaniuma.

"Mkwe, hebu njoo uone. Matundu! Mbele matundu, nyuma matundu, hadi juu ya kichwa."

Akainama, akawasha taa yake. "Mungu wangu. Vumbi lote litaingia humu."

"Friji lingetoka mikononi mwangu na upenyo kama huu, nisingelala."

"Mgonjwa akitoka kwangu na tundu moja tu wazi, wiki ijayo analia."

Tukatazamana. Tangu amwoe binti yangu hatukuwahi kuelewana namna ile. Nikaleta mpira wa mlango wa friji na gundi yangu. Yeye akakata, mimi nikabandika. Tulifanya kazi kwa raha, tukisifiana. Tulipomaliza, hata sisimizi asingepata pa kuingilia.

Mchana binti akavaa hedifoni, majaribio yakaanza. Alikuwa anacheza vizuri kweli, hata mimi nisiyejua nani anampiga nani niliona. Ghafla kioo kikawa cheusi.

"Umeme?" mke wangu akauliza. Taa ya dari ilikuwa inawaka.

Akawasha upya, akarudi mchezoni. Ikazima tena.

"Ndiyo maana nilisema waranti," mkwe akanong'ona.

"Ndiyo maana nilisema unyamaze."

Sauti ya nahodha ikasikika kwenye hedifoni, kali: "Ukikatika tena, namwita mwingine. Una dakika mbili."

Binti akaweka kiganja juu ya kasha, akakiondoa mbio kama ameshika sufuria. Akainama. Akaona. Akageuka polepole.

"Nani kaziba?"

Mkwe akanitazama. Mimi nikatazama pazia.

"Vumbi, mama," akasema baba yake.

"Inapumulia hapo, baba! Yenyewe inaingiza hewa ipoe! Babu, wewe si fundi wa baridi?"

"Baridi ya friji haitakiwi kutoka," nikajitetea, sauti ikiwa ndogo.

Hakungoja nimalize. Aling'oa ubavu mzima wa kasha, akausukuma chini ya meza. Mke wangu akaniwekea feni ya kusimama mikononi. Nikapiga magoti, nikaielekeza ndani, na baba mtu akawa anabandua mpira kwa kibano, akitoa jasho kuliko mashine. Safari hii haikuzima. Magoti yangu yaliimba, lakini haikuzima.

Mwisho nahodha akasema, "Mikono yako mizuri. Mashine yako ina kichaa. Njoo mazoezini Jumatatu."

Binti akavua hedifoni, akashusha pumzi ndefu, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu," baba yake akaanza, "tungenunua ile ya tayari..."

"Mngeiziba hata hiyo. Kaeni kwenye kochi, wote wawili. Mikono magotini, niione."

Tukakaa. Yeye akarudi kukwangua gundi, akinung'unika peke yake. Baada ya kitambo mkwe akaniinamia sikioni.

"Lakini baba, ile kazi ilikuwa safi."

"Hata hewa haikupita," nikamjibu.