Kanga ya Sare Jukwaani

Naapa kwa kofia yangu ya reli, ambayo hata siku ya kustaafu walishindwa kuninyang'anya: haya yote ni kweli tupu. Atakayecheka ajue anaucheka ukweli.

Usiku wa jana niliota nimekaa ukumbini, kiti cha mbele kabisa, nimepakata doti ya kanga ya mke wangu. Si kanga ya hivi hivi. Ni sare ya harusi ya mpwa wake, Jumamosi hii, na mwanamke atakayefika bila sare ataishia jikoni kusugua masufuria. Kwa nini nilikuwa nayo mimi? Ndoto haiulizwi.

Pazia likakohoa. "Kaeni vizuri. Hapa panasemwa Kiingereza tu."

Sikutishika. Kiingereza nimejifundisha mwenyewe, kwa redio na maboksi ya biskuti.

"Mimi ni Curtain," likaendelea, kwa Kiswahili safi cha Pangani. "Nikifunguka, kimya. Nikijifunga, nendeni makwenu."

"Mimi ni Stage," ikasema sakafu ya jukwaa. "Anayenikanyaga anacheza. Asiyecheza asinikanyage."

Taa kubwa ya juu ikainama, ikanichungulia kama daktari wa macho. "Spotlight. Ninayemmulika hana pa kujificha."

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe ni Audience," wakajibu wote. "Kazi yako kukaa na kutazama."

Nikaona ni kazi inayomfaa mstaafu.

Curtain linafunguka. Anatoka Dancer, mabegani kajipaka unga wa kumetameta. Haikanyagi Stage, Stage ndiyo inamkimbilia huko aliko. Mara ukumbi umekuwa stesheni ya Korogwe, Dancer anacheza juu ya behewa la mkonge, na kila akikata kiuno mkuu wa stesheni anapeperusha bendera ya kijani. Ngoma zinajipiga zenyewe. Moyo wangu unaruka mpaka unagonga kofia!

Sasa niambieni, mtu wa Ngamiani aone uchezaji kama ule, akae tu kama gunia? Kwetu mchezaji akikukosha unainuka, unakwenda mbele kwa madaha, unamtuza mbele za watu.

Nikainuka. Nikaenda kwa madaha. Nikamvika ile kanga mabegani.

Ngoma zikakatika.

"Amenikanyaga," ikasema Stage.

"Lakini huyu si Audience?" Curtain likanong'ona kwa aibu.

"Alikuwa," ikasema Spotlight, na kunimulika. "Sasa ni Performer. Acheze."

"Jamani, mimi nimekuja kutuza tu!"

"Kutuza hatukujui. Ukipanda unacheza, na hushuki mpaka Applause aje."

"Applause ndiye nani?"

"Makofi."

"Yuko wapi?"

"Treni yake imechelewa."

Nimefanya kazi reli, sikuwa na la kubisha. Nikacheza. Nikacheza chacha, nikacheza twisti ya ujanani, nikacheza mdumange wa kwetu mpaka goti la kushoto likafungua mdomo. "Mzee," likasema, "mimi nilistaafu pamoja na wewe."

Kila nikimaliza, kizee mmoja aliyejitambulisha kuwa ni Encore anatega sikio, anasema, "Rudia."

"Nirudishieni basi kanga ya watu!" nikalia.

Behewa lilikwisha ng'oka. Dancer akanipungia mkono, kanga ya mke wangu ikipepea. "Kilichotuzwa hakirudi! Labda ukichezee, Applause aje!"

Nikaamka natweta. Alfajiri ilikuwa imeingia. Nikautazama mkono wangu: kiganja kizima kina unga wa kumetameta! Ushahidi! Kwa furaha nikamwamsha mke wangu.

"Mama Mwanaidi, amka! Kanga yako imechukuliwa na ndoto. Ona mwenyewe."

Akaushika mkono wangu, akausogeza dirishani penye mwanga. Akanitaka nisimulie yote toka mwanzo. Nikasimulia, hata goti sikuliacha.

"Huyo Dancer wako," akauliza taratibu, "ana mwanya?"

"Mwanya mzuri huo!" nikasema, na papo hapo nikajua nimekwisha.

"Jana ulisema unakwenda kikao cha wastaafu."

"Nilikwenda."

"Kikao kilikuwa kinapiga gitaa?"

Nikaanza kuufuta mkono kwenye shuka.

"Baba Mwanaidi, dada yako alikuwa ukumbini, viti vya nyuma. Alifika hapa kabla hujarudi. Nilikuwa nangoja tu nisikie utakuja na hadithi gani. Vaa viatu."

Na sasa tuko ukumbini. Bendi iko mazoezini, na Saumu, mchezaji wao mwenye mwanya, kajifunga kanga ya mke wangu.

"Shikamoo mzee wangu! Umeniletea na nyingine?"

Mke wangu akamweleza habari ya harusi. Saumu akasikiliza kwa adabu, kisha akatikisa kichwa. "Mama, kilichotuzwa hakirudi. Labda mzee apande akichezee. Ukimpigia makofi, kanga yako hii hapa."

Mnasikia? Neno kwa neno! Nani tena atasema niliota uongo?

Nimepanda. Ubao umelia chini ya kisigino, sauti ile ile ya Stage. Taa imeniangukia usoni. Chacha nimecheza, twisti nimecheza, mdumange ndio namalizia. Mke wangu kakaa peke yake kiti cha mbele, mikono kaikunja kifuani.

"Mama Mwanaidi," nasema, "piga makofi basi. Kanga si yako?"

"Yangu," anasema. "Rudia."