Harufu kwenye Sanduku la Ulanga

Jumatatu, tarehe thelathini Oktoba. Manyunyu yalianguka Bengaluru tangu alfajiri, na kibaridi kilimfanya Sharvani ajifunike shali hadi masikioni alipofungua maabara.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine yake ya kupimia utelezi wa mafuta. Uzi mweusi alioufunga Jumamosi kwenye kifuniko chake ulikuwa palepale, fundo halijaguswa.

"Unatafuta nyayo za mwizi, dada?" Lokesha, mwanafunzi mwenzake, alicheka mlangoni.

Sharvani akaukata uzi. Mwaka mzima alikuwa akikandamiza tone la mafuta ya kulainishia aliyoyabuni kati ya vipande viwili vya ulanga, madini yanayochanika kama karatasi, hadi libaki utando wa molekuli chache tu. Mafuta mengine yakibanwa hivyo hukakamaa. Vipande hung'ang'aniana, kisha huchomoka kwa kishindo. Yake yaliteleza. Lakini tangu sikukuu ya kubariki vyombo vya kazi, nayo yalikuwa yanakwama. Na Lokesha aliitaka mashine hiyo kwa udi na uvumba! Ijumaa Sharvani alimshtaki kwa Profesa Kusuma, mkuu wa maabara, kwamba anaichezea. Leo profesa angeamua kama Lokesha aondolewe maabara.

Akapachika ulanga, akadondosha mafuta, akakandamiza. Mstari kwenye skrini ukaruka kama meno ya msumeno.

Kama hakugusa mashine, huyu kaingilia wapi? Sharvani akafungua sanduku la vipande vya ulanga, akainama. Harufu ya hekalu ikampanda puani.

Kafuri.

Siku ile ya sikukuu mashine ilivikwa maua na kutiwa nukta nyekundu. Nani aliizungushia sahani ya kafuri inayowaka, macho kayafumba, akimwomba Mungu kazi yake ifanikiwe? Ni yeye. Na sanduku hili lilikuwa wazi hapohapo mezani, likinywa mvuke wote.

Akachukua bonge la ulanga kabatini, akachana tabaka jipya la ndani, akarudia kupima. Mstari ukalala, kimya.

"Eewe Mola," akanong'ona, "na mimi nilikuwa nakuomba unifichulie mwizi."

Profesa Kusuma aliingia na wanafunzi wengine nyuma yake. "Haya, Sharvani. Ushahidi wako uko wapi?"

"Aliyeharibu ni mimi, Madamu. Kafuri yangu imeingia kwenye ulanga. Lokesha hana kosa."

Lokesha hakucheka safari hii. "Ijumaa nzima ulinipita kama nguzo, dada. Ungeniuliza tu."

Sharvani alivua shali kichwani, akawageukia wote.

"Mbele yenu na mbele ya Mungu naahidi: mwakani kafuri nitaiwasha nje, uani. Na sitampeleka mtu yeyote kwa Madamu kabla sijakaa naye ana kwa ana nikamuuliza."