Mateka wa Meza Kuu

Mie ni Semeni, mshereheshaji wa harusi. Ukisikia kipaza sauti kinauliza wapambe wa bi harusi wamepotelea wapi, jua ni mie huyo, na mtaa mzima wa Nguvumali hapa Tanga wananijua kwa sauti kabla ya sura. Nimesherehesha harusi, maulidi, mahafali, hata fainali ya mpira wa wazee wenye vitambi. Lakini bomu? Bomu la nyuklia sikuwahi kulisherehesha. Kwa hiyo Mwalimu Ayman aliponijia barazani na ombi lake, nilimtazama kwanza juu mpaka chini nihakikishe kijana wa watu yuko salama.

Ayman anafundisha historia sekondari. Ni mrefu, mwembamba, na huongea taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto. Ana kikundi chake cha amani hapa mtaani, na kila tarehe sita Agosti hukusanya watu kuwakumbuka waliouawa Hiroshima, na kusema kwamba silaha zile zisitumike tena popote duniani. Mwaka jana, alinieleza kwa unyonge, walikuja watu kumi na mbuzi wawili. Mwaka huu alitaka uwanja ujae, ndiyo maana kanifuata mie. Nikamwambia, mwanangu, uwanja utajaa mpaka mbuzi wakose pa kusimama.

Tukawa tumekubaliana vizuri, mpaka nikauliza mgeni rasmi ni nani. Akasema Bwana Luqmani. Nikanuna papo hapo.

Huyu Bwana Luqmani ni tajiri wa malori, yale yanayoshusha kabichi na viazi kutoka Lushoto. Alinunua kiwanja ubavuni mwa uwanja wetu, akajenga ukuta azungushie ghala lake, na ukuta ukameza njia ya makaburini. Palipokuwa na njia akaweka lango la chuma na kufuli, maana wezi walikuwa wanambebea saruji. Siku hizi ukitaka kwenda makaburini unazunguka mbali, upitie barabara kuu na jalala. Vijana hawajali, wanapanda bodaboda. Mwenye kuumia alikuwa Bi Fakhria.

Bi Fakhria ndiye mama mwenye nyumba wangu. Wazee wake walitoka Omani, yeye kazaliwa Tanga na kuzeekea Tanga, na mguu wake wa kulia haukunjiki. Mtoto wake wa pekee, Himyar, alifariki kwa ajali ya gari njia ya Segera. Zamani kila Ijumaa baada ya swala alijikongoja na mkongojo wake, akamwekee mwanawe asumini. Wako waliomwambia mwanamke haendi makaburini, akawajibu kwamba siku ya kumzaa mwanawe hakuwaona wakija kumsaidia. Tangu lango lifungwe hajafika. Bodaboda haziwezi, mguu haupandi, na kila Ijumaa asumini zake zilikuwa zikinyauka kwenye sahani juu ya meza, nami napita naziona. Roho ilikuwa inaniuma, sisemi uongo.

Usidhani watu walinyamaza. Bwana Luqmani alisemwa sokoni, akasemwa kwenye kahawa, akasemwa msikitini. Kila mtu alimsema, ila hakuna aliyemwambia. Mtu akitoa mahema, viti na muziki bure kwa kila shughuli ya mtaa, nani atamkabili? Hata siku hii ya amani, mahema yalikuwa yake. Ayman akaniomba, karibu apige magoti, niape kwamba sitataja ukuta wala lango mbele za watu, shughuli isije ikaharibika. Nikamwambia haya, funika kombe mwanaharamu apite. Nikaapa, moyo ukiwa mzito.

Jamani, siku ilifika na uwanja ulijaa. Asubuhi vijana walizunguka mtaa mzima na baiskeli, kila moja imefungwa bendera nyeupe, wakipiga kengele mpaka watu wakatoka na miswaki mdomoni. Watoto walichora mabango yao wenyewe, moja likasema BOMU HALICHAGUI, jingine HATUTAKI NYUKLIA NCHI KAVU WALA BAHARINI, herufi za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi. Ngoma ilipigwa, kinamama wakajimwaga, na mie na kipaza sauti changu nikawa nawachochea. Nilifurahi wallahi, nikasahau kununa. Bwana Luqmani alikaa meza kuu, kanzu nyeupe, koti jeusi, anapiga makofi.

Kisha Ayman akasimama kusema yake. Nilidhani watu wataanza kuondoka, lakini alivyolisimulia jambo lile kwa ile sauti yake ya chini, hata watoto walitulia. Alisema ilikuwa asubuhi kama asubuhi yoyote, watu wanakwenda kazini, bomu moja tu likaanguka, na mji ukaisha. Alisema mataifa tisa yanazo silaha hizo hata leo, zenye nguvu kuliko lile. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye swali. Ndipo Bi Fakhria akainua mkono kutoka kiti cha mbele.

"Mwalimu, hao waliokufa," akasema, "waliwazika wapi?"

Ayman akajibu kwamba wengi hawakujulikana nani ni nani. Majivu yao yakakusanywa pamoja, na wako kinamama waliozeeka bila kujua mtoto wao amelala wapi.

Bi Fakhria akaitikia kwa kichwa, akaketi. Halafu nikamwona anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na akamwambia jirani yake, taratibu, nami nikamsikia maana nilikuwa karibu, kwamba yeye wake anajua alipo, na bado hafiki.

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Nikageuka meza kuu, na nani namwona anajifuta macho kwa kitambaa? Bwana Luqmani. Anawalilia Wajapani! Nikataka nipasue kipaza sauti kile, lakini kiapo kilikuwa kimenishika ulimi. Nikasimama pale nimefura kama andazi, mpaka wazo likanijia, na lilivyokuwa tamu nusura nicheke.

Bwana Luqmani ni Msambaa. Mie ni Mzigua wa Mkwaja. Na Mzigua na Msambaa ni watani tangu vita vya mababu, hilo haliulizwi. Mtani anaingia kaburini mwa mtani wake akalala humo, na maiti hazikwi mpaka alipwe. Mtani hakasirikiwi. Akikukamata unajikomboa, huku unacheka, na ukinuna aibu ni yako. Niliapa sitataja ukuta wala lango. Utani sikuuapia.

Nikavua kanga yangu ya juu. Nikapanda jukwaani nikicheza, nikapita nyuma ya kiti cha mgeni rasmi, nikamzungushia kanga kiunoni yeye pamoja na kiti, nikapiga fundo. Kisha nikatangaza kwamba Wazigua wamemkamata Msambaa, kashuka milimani na kabichi zake bila kubisha hodi pwani, na leo haondoki mpaka ajikomboe.

Uwanja ulilipuka. Watu walipanda juu ya viti, kinamama wakapiga vigelegele, mpiga ngoma akaitwanga ngoma yake kama kalipwa mara mbili. Bwana Luqmani mwenyewe alicheka mpaka koti likamtikisika, akatoa noti mfukoni. Nikakataa. Akaongeza, nikakataa. Akasema atatoa mbuzi, uwanja ukaitikia mbuzi, mbuzi, nami nikatikisa kichwa nikasema Mzigua hanunuliwi kwa nyama. Akauliza basi nataka nini.

"Nataka ufunguo," nikasema.

Sikusema wa wapi. Hapakuwa na haja. Kelele zilikatika kwanza, kisha zikarudi maradufu, watu wanapiga miguu chini, ufunguo, ufunguo, na vumbi linapanda. Ayman alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mie nilikuwa juu ya dunia, sioni wa kunishusha.

Bwana Luqmani akaniita kwa kidole niiname. Nikainama, nikakiweka kipaza sauti mbali.

"Mie si Msambaa," akaninong'oneza. "Mama ndiye Msambaa. Baba yangu Mzigua, wa Mkwaja huko huko kwenu. Alikufa nikiwa mdogo, nikalelewa Lushoto na wajomba."

Loo! Basi sikuwa nimemfunga mtani. Nilikuwa nimemfunga baba yangu wa ukoo, mtu mzima na mvi zake, nimemfunga kwenye kiti kama mbuzi na kumtania kabichi zake mbele ya mtaa mzima. Kwa mtani ule ni mchezo, kwa mzee wako ni tusi. Angeweza kusimama pale pale akaniapiza, na hakuna ambaye angenitetea.

Naye hakusimama. Alibaki ananitazama, kanga kiunoni, anangoja nitafanya nini. Watu hawakusikia kitu, waliendelea kudai ufunguo. Ningeweza kunyamaza. Ningeendelea na mchezo, na kwa aibu ya watu angeutoa, na siri ingebaki yetu wawili. Lakini ufunguo wa kuibiwa nao ungefungua nini? Bi Fakhria angepita pale leo, kesho kufuli lingerudi, na mie ningeitwa mwongo.

Nikapiga magoti mbele yake, kipaza sauti mkononi.

"Shikamoo, baba," nikasema, na uwanja wote ukasikia. Nikawaambia watu nimekosea, mzee huyu ni Mzigua mwenzangu, hakuna utani kati yetu, na kwa niliyoyasema nimemkosea adabu. Kicheko kikafa. Niliona nyuso zinainama, na wengine wakaanza kutafuta viatu vyao. Nikaona kwa kudai ufunguo kiapo changu nacho kimeshavunjika vipande, na la kuvunda halina ubani.

"Mtani ningekudai," nikamwambia. "Wewe ni baba, kwa hiyo nakuomba. Yule mama aliyeuliza waliwazika wapi, mwanawe amelala nyuma ya ukuta wako. Tangu utie kufuli hajamfikia."

Sauti ilinikatika pale, mie Semeni nisiyekatikiwa na sauti hata harusi zikikesha. Bwana Luqmani akaangalia ukuta, akaangalia watu. Akasema, si kwa ukali, kwamba yeye aliambiwa njia ya kuzunguka ipo.

Bi Fakhria ndiye aliyemjibu, amekaa kwenye kiti chake.

"Ipo, baba," akasema. "Ya wenye miguu."

Hapo nilimwona mzee yule akibadilika uso. Alisimama, nami nikaharakisha kufungua lile fundo. Akatia mkono mfukoni, akatoa rundo la funguo. Hakuomba kipaza sauti, hakutoa hotuba ya mgeni rasmi. Alishuka jukwaani, akamwendea Bi Fakhria, akampa mkono ainuke.

Ndugu zangu, msafara ule sijapata kuusherehesha mfano wake. Mbele Bi Fakhria, mie nimemshika huku na Bwana Luqmani kule, mwendo wa mguu usiokunjika. Nyuma uwanja mzima na mabango yake, baiskeli zinakokotwa, watoto wanaruka, na ngoma haijui kama ipige au inyamaze, ikawa inapiga kidogo kidogo. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, wala sikuona haya. Langoni kufuli lilikuwa limeshika kutu. Bwana Luqmani alihangaika nalo mpaka jasho likamtoka, na lilipokubali, sote tulishusha pumzi.

Tukapita kando ya marundo ya kokoto, tukatokea makaburini. Ngoma ikanyamaza yenyewe. Kaburi la Himyar lilikuwa limefunikwa na majani mpaka jiwe halionekani, nikaona aibu kwamba mie mwenye miguu miwili mizima sikuwahi kuzunguka nikalisafisha. Bi Fakhria akaketi chini, mguu wake kaunyoosha pembeni. Akayapapasa majani mpaka mkono ukagusa jiwe.

"Himyar, mwanangu," akasema, "ndiyo nimefika."

Akasoma Fatiha, nasi tukainua mikono pamoja naye. Ayman alisimama karibu yangu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na hata hakukumbuka kunigombeza kwa kiapo.

Tulipomaliza, Bwana Luqmani akachutama kando ya Bi Fakhria. Akamwambia kwamba lango litakuwa wazi kila Ijumaa. Bi Fakhria akang'oa jani. Mzee akasema basi, litakuwa wazi kila siku. Bi Fakhria akaendelea kung'oa, jani moja moja. Mwisho mzee akasema kesho atamleta fundi aling'oe kabisa, njia ibaki njia.

"Kesho sina ahadi nayo, baba," Bi Fakhria akasema. "Ning'olee leo, nikiwa naona."

Bwana Luqmani akavua koti, akanipa nimshikie. Akakunja mikono ya kanzu, akaita vijana wa baiskeli waje na spana zao, na yeye mwenyewe akashika nyundo ya mafundi iliyokuwa kwenye kokoto. Waligonga, wakavuta, wakahesabu moja, mbili, tatu. Lango lilipoanguka kishindo chake kilitushtua sote, na watoto wakashangilia. Bi Fakhria hakugeuka, alikuwa bado anang'oa majani.