Tulizika Chakula

“Unazika nini?” kaka yangu aliniuliza.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo uliolowa, mkono mmoja ndani ya shimo. “Nafaka.”

Weee! Aliwaita wenzake, wakaja na mizigo yao migongoni, wakaniinamia kwa nyuso za msiba. “Pole, wifi,” mkewe akasema. “Marehemu aliugua sana?” Hata mama, aliyelala juu ya ngozi kando ya moto, alicheka mpaka akashika nyonga.

Nyonga hiyo ndiyo iliyotufikisha hapo. Mama aliteleza kwenye mawe ya mto, na tangu siku hiyo hakusimama tena. Zama zile nyumba yetu ilikuwa miguu. Swala wakihama, tunahama. Asiyeweza kutembea huachiwa moto, maji na chakula kidogo, na hakuna anayegeuka kutazama nyuma. Hiyo tuliiita heshima. Mimi nilikataa. Nilimpenda mama kuliko njia, basi.

Wakaenda. Tukabaki na ukungu na mfuko mmoja wa nafaka ya porini. Mama alikuwa ameona jambo nisiloliona: pale tulipomwaga makapi msimu uliopita, majani ya nafaka ileile yalikuwa yameota. “Zika nusu,” alikuwa ameniambia kabla hawajaondoka. Neno jingine la kazi hiyo hatukuwa nalo.

“Na sisi tule nini, mama?”

“Nusu nyingine, na huo ulimi wako mrefu.”

Njaa ilitufanya wepesi. Mchana nililala nikaota majani yananong'ona. Nikaamka, yananong'ona kweli, yamenifika magotini, na sikujua ndoto imeishia wapi. Mama, aliyebaki mifupa na macho, aliwarushia ndege mawe akiwatukania ukoo mzima. Niliogopa kila alipolala. Nilimwekea kiganja puani kuona kama bado anapumua.

Masuke yakakauka. Tukala. Punje nyingi zilipukutika kwa mguso wa kwanza, chache zikang'ang'ania suke. “Hizo kaidi ziweke, tutazizika mvua ikija,” mama alisema huku anatafuna. “Zimefanana nawe.”

Kaka alirudi na wenzake kuja kufukia mifupa ya mama. Alianza kulia angali ng'ambo ya mto, tulimsikia.

“Unamlilia nani?” mama akamfokea. “Hebu toka hapo, unanikanyagia!”

Akaganda katikati ya masuke, machozi yakimning'inia kidevuni, hajui mguu auweke wapi. Nilicheka, kisha nikalia kuliko yeye.

Tulikula wote tukashiba. Siku chache baadaye swala wakapita karibu kabisa, wanono, wakielekea kule tulikozoea kuwafuata. Kaka akainuka na mkuki wake. Akamtazama mama, akazitazama zile punje kaidi zilizongoja mvua.

“Tukienda,” akauliza taratibu, “nani atawafukuza ndege?”

Moyo uliniuma kuwaona wanyama wale wakienda bila sisi. Tuliwatazama mpaka vumbi likatulia, na hakuna aliyefunga mzigo.