Samli Katika Sikio la Scola

Wakiwa wameshakaa kwenye benchi la hospitali, Bariadi, ndipo Milembe alipoona doa la mafuta kwenye kola ya gauni la mwanawe. Akamvuta Scola, akamlaza kichwa pembeni. Ndani ya sikio la kulia, lile lile la kupasuliwa kesho, kulikuwa na pamba. Siyo ya duka la dawa. Ilikuwa ya shambani kwao Zagayu, na kipande cha jani kavu ndani yake.

Alipoichomoa ikanuka samli.

"Mayu, umefanya nini?" akamwuliza mama mkwe wake, Esteria, aliyewasindikiza.

"Nimemlainishia njia. Kisu kipite vizuri."

"Daktari si alisema kisiingie kitu!"

"Alisema tusitie dawa. Samli ni dawa? Mumeo nilimtia utotoni, leo anasikia hata sufuria ikifunuliwa kwa jirani."

Milembe hakucheka. Tangu Scola aanze kutembea watu walimwita jeuri, mtoto asiyeitikia mwangaluka, salamu ya wakubwa. Mpaka Daktari Danford, bingwa wa masikio anayekuja mara chache kutoka Mwanza, alipowaeleza: nyuma ya ngoma ya sikio kuna vifupa vitatu vinavyopokezana sauti, na kimoja cha Scola kiligandana tangu tumboni, masikio yote mawili. Kinarekebishika. Ila sikio liwe kavu, safi. Uchafu ukiingia ndani, hata kale kausikivu alikonako kanaweza kwenda.

Sasa afanyeje? Akisema, daktari ataahirisha na kuondoka zake. Akafuta sikio kwa ncha ya kitenge. Scola akapiga yowe.

"Futa tu, hataona," Esteria akanong'ona.

Nesi akafungua mlango, akaita jina. Scola, kama kawaida yake, hakugeuka. Milembe akamtazama kisogo, halafu akasimama, akamwongoza ndani.

"Daktari, sikio limetiwa samli. Na pamba ya shambani."

Danford akachungulia kwa muda mrefu. Akaingiza kikoleo chembamba, akatoa nyuzi nyingine kutoka ndani kabisa.

"Afadhali umesema. Hizi zingeozea humu. Limevimba, kesho sipasui."

"Lini basi?"

"Likipona. Nikirudi."

"Utarudi lini?"

"Baada ya mavuno ya pamba, Mungu akipenda."

Siku hizi, wakimsubiri daktari arudi, Esteria ndiye mlinzi wa sikio. Jirani aliyeleta mafuta ya kondoo kwenye kichupa alifukuzwa mpaka zizini kwa ng'ombe. Lakini Milembe haamini mtu. Kila asubuhi hunusa sikio la mwanawe kabla hajanusa maziwa kama yamelala vizuri. Halafu husimama nyuma yake na kumwita kwa sauti ya chini. Hageuki. Akimwita kwa sauti ya kuitia mifugo, na hapo Scola hugeuka.

Mpaka leo anageuka. Nawe mwenye mtoto kama huyu, usingoje doa kwenye kola. Waambie nyumbani wote kwamba sikioni kisiingie kitu, na uanze na bibi.